Nyota za Ndani ya Tangi

Vijana wangu wa Katwe, mnaopiga bati mpaka masikio yanaziba, mmeniomba niandike machache kuhusu kazi yetu kabla sijasahau. Nimecheka sana. Mkono wangu wa kulia unatetemeka siku hizi, na ndiyo sababu niliweka nyundo chini, lakini kichwa kiko sawa. Mwulizeni mke wangu Halima, ambaye kuna mambo mawili matatu angependa niyasahau. Nitaandika ninavyokumbuka, nikiruka huku na kule, na anayetaka kunisahihisha ajue kwamba nyundo ya mbao bado ninayo nyumbani.

Nianze na jua, maana najua ndilo linalowatesa sasa hivi. Juzi nilipita hapo nikawaona mnakata bati saa saba mchana, vifua wazi, mnajipepea kwa makaratasi. Nani aliwafundisha hivyo? Bati la saa saba ni kikaango. Sisi tulianza saa kumi na mbili asubuhi, tukakata na kukunja hadi saa nne, kisha tukaingia kivulini kulehemu vitu vidogo vidogo, makopo ya kumwagilia maua na vibatari, mpaka jua lilegee. Shati liwe la pamba na mikono mirefu. Gunia bichi liwe karibu, la kufunika bati mtakaloshika. Na mnywe chai ya moto. Najua mtanicheka, lakini ninyi na soda zenu za baridi ndio mnaoanguka.

Gata ndefu nayo, ule mfereji wa kukinga maji ya paa, msiipigilie misumari ikabana ncha zote mbili. Bati hutanuka mchana na kujirudi jioni, na likibanwa hujifungua lenyewe pale kwenye lehemu. Hilo nilijifunza kwa askari jela mmoja wa Luzira. Gata niliyomfungia ilikuwa inalia ta-ta-ta kila jua likizama, na yule bwana akatoka mbio na rungu, akidhani wafungwa wanatoroka juu ya paa lake. Aliponifuata Katwe kesho yake, rungu alikuwa bado analo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Lubega, Mungu amrehemu. Alikuwa Muganda mfupi, mwenye vidole vinene na subira isiyo na mwisho kwa bati, ila kwa watu hakuwa nayo kabisa. Mimi baba yangu alikuwa polisi kutoka Arua, mama yangu Mnubi, nimekulia kambini, kwa hiyo Kiganda changu wakati ule kilikuwa cha kuombea chai tu. Mzee akalazimika kunitukana kwa Kiswahili. Alikuwa anakitafuta neno moja moja, na hilo lilimpa nafasi ya kufikiri, ndiyo maana matusi yake yalikuwa ya maana.

Siku moja, baada ya kumaliza tangi langu la kwanza, nilikuwa nazungukazunguka nikitafuta ndoo ya maji ya kulijaribia. Ilikuwa kiangazi, bomba la mtaa limekauka. Mzee akaniuliza nafanya nini.

"Natafuta maji, Mzee. Nione kama linavuja."

"Maji ya watu unamwaga chini kwa sababu ya kuona? Wewe iko na macho. Ingia ndani."

Nikaingia kupitia mdomo wa tangi, yeye akaweka kifuniko. Giza likawa totoro. Kisha, macho yalipozoea, nikaziona: chembe za mwanga zimetobokea ukutani, moja huku, nyingine kule, kila tundu la lehemu linawaka. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile ndani ya kazi yangu mwenyewe, na kila uzuri ulikuwa kosa langu. Mzee aliziita nyota. Ukiona nyota, unapitisha njiti ya ufagio, na mwenzako wa nje anatia alama ya mkaa.

"Ngapi?" akauliza kutoka nje.

"Nne, Mzee!"

"Ziko tano."

Nikatafuta mpaka jasho likaniingia machoni. Nne. Nikatoka. Yeye akalilaza tangi ubavu, akanirudisha ndani, na hapo nikaiona ya tano, sakafuni, katikati kabisa.

"Tangi likisimama, chini yake ni giza," akasema. "Ile nyota mbaya iko chini ya makalio yako. Kwanza simamisha, halafu laza. Mala mbili. Kila siku mala mbili."

Jambo la pili alilonifundisha siku hiyo ni uzi wa mabega. Kila fundi wa matangi pale kwetu alikuwa na uzi wake wenye vifundo viwili, na kati ya vifundo hivyo ni upana wa mabega yake. Kwa uzi huo alikata mdomo wa tangi, ili aweze kuingia na kutoka. Mzee alinipima mwenyewe, akafunga vifundo, akanivisha uzi shingoni kama medali. Niliuvaa kwa fahari, vijana, kwa miaka zaidi ya thelathini. Huo uzi ndio ulioniaibisha, na sasa naanza kisa chenyewe.

Mnakikumbuka kile kiangazi kirefu, miaka michache kabla sijastaafu? Mvua za mwisho wa mwaka hazikuja. Jua likawaka mwezi baada ya mwezi, nyasi za mjini zikawa rangi ya mkate, vumbi jekundu likaingia hadi kwenye chumvi. Mabomba yalikuwa yanakohoa hewa. Chemchemi za mabondeni zikawa na foleni za jerikani za manjano, na watu wanaoheshimiana wakaanza kuitana majina. Katwe tulivua viatu tukashindwa kukanyaga chini.

Katika joto hilo akaja Sista Aciro. Alikuwa Mwacholi mrefu, mkunga, aliyestaafu baada ya kuzalisha wake wa askari kambini karibu maisha yake yote. Pensheni yake aliigeuza nyumba ya uzazi yenye vitanda sita, huko Kasubi, juu ya kichochoro ambacho hata pikipiki inapita kwa kuomba radhi. Wauza matangi ya plastiki walikuwa wamemkatalia, kwa kuwa tangi kubwa halikuweza kupita. La bati hujengwa palepale uani, hiyo ndiyo faida yake, na wauza plastiki wasisikie.

"Fundi," akaniambia, amesimama juani bila hata kujikinga, "mimi nanunua maji kwa baiskeli. Siku ingine inakuja, siku ingine hapana. Jana nimezalisha mama na jerikani moja. Moja! Mimi siwezi kufanya hii kazi na mchezo. Mvua ikikuja, ikaenda, mimi sijashika maji, basi, nafunga nyumba. Wamama watafute pahali pengine."

Alisema bila kulia, lakini niliona jinsi alivyoshika mkoba wake. Pahali pengine kwa wanawake wa mteremko ule palikuwa mbali, na watoto hawasubiri. Nikamwambia, Sista, tangi lako litakuwa tayari kabla ya wingu la kwanza. Nilisema kwa sauti kubwa, ili majirani wa karakana wasikie.

Nikajenga kwa siku sita, alfajiri hadi saa nne, katika ua wake. Lilikuwa tangi zuri. Wajawazito walikuwa wanakaa kwenye kibaraza wakinitazama na kunishauri, na nikagundua kuwa mwanamke mwenye mimba ya miezi tisa katika joto lile hana subira na fundi yeyote. Siku ya saba, likiwa limesimama uani, nikatangaza kuwa naingia kuhesabu nyota.

Kuingia hakukuwa na taabu. Nilinyoosha mikono juu, uzito ukanisaidia, nikateleza pwaa. Sista akafunika. Nikaziona nyota saba. Njiti ikapita, mkaa ukaweka alama, wajawazito wakashangilia kila njiti ilipochomoza. Nikafurahi, nikaimba kidogo. Ndani ya tangi hata mimi nina sauti.

Kisha nikapanda kigoda nilichoingia nacho, nikatoa kichwa, nikatoa mabega, nikafika tumboni, nikakwama.

Mdomo ule niliukata kwa uzi wa Mzee Lubega, vijana. Mabega yangu hayakubadilika sana tangu ujana. Lakini uzi haukujua habari za tumbo, wala za mapishi ya Halima.

"Fundi, toka sasa," akasema Sista.

"Natoka."

"Mbona hutoki?"

"Napumzika."

Saa nne ikapita. Jua likapanda juu ya paa la jirani likalipata tangi barabara. Mdomo wa bati ukaanza kuniunguza kiuno, miguu yangu ndani ikawa kama imo kwenye oveni ya mkate. Nilirudi chini, joto likanifukuza; nilipanda juu, tumbo likanizuia. Hapo ndipo nilipoogopa, nakiri. Sista akaamuru magunia mabichi yawekwe juu ya tangi, halafu akakumbuka kuwa hakuna maji ya kuyalowesha. Akampigia simu Halima.

Halima alifika kwa bodaboda, gurbaba yake, ile nguo ya Kinubi ya kujifunga kiunoni, imefungwa nusu, akanikuta nimechomoza kama mshumaa kwenye keki. Akazunguka tangi lote kwanza.

"Baba Zaituni," akasema, "mimi nilikuambia uache chapati ya tatu."

"Mama Zaituni, leta sabuni!"

"Sabuni na maji gani?"

Ndipo Sista akaingia jikoni kwake akatoka na chungu cha odii, ule uji mzito wa simsim na karanga ambao Waacholi hutia kwenye mboga. Mafuta yake yalikuwa yameelea juu kwa joto. Akanipaka kiunoni kwa mikono miwili, bila haya, kama mtu aliyekwisha kuona kila kitu duniani. Kisha akanishika kwapa, Halima kwapa la pili, na kwa sauti ileile ya kazi yake akaamuru, "Usisukume! Pumua kwanza. Pumua... haya, sasa! Sukuma!"

Kibaraza kizima kikaitikia, "Sukuma!"

Nikatoka. Nilianguka juu ya mkunga na mke wangu kwa pamoja, ninanukia mboga. Mama mmoja alicheka mpaka uchungu ukamshika, akaingizwa ndani, na kabla ya saa nane akajifungua msichana. Sista aliandika kuwa siku hiyo amepokea wawili, mmoja mwenye masharubu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kosa lilipo. Tangi lilikuwa bado halijalazwa. Mara mbili, alisema Mzee: kusimama, halafu kulala. Nilikumbuka vizuri kabisa. Lakini nilikuwa nimejaa odii hadi magotini, wanawake wote wa Kasubi wananicheka, na kuingia tena mdomo ule mbele yao sikuweza. Nikaziba zile nyota saba. Sista akaniuliza, "Imekwisha, Fundi?" Nikamwambia imekwisha. Tukalipandisha tangi kwenye msingi wa matofali wenye mchanga juu, nikafunga gata, nikaenda zangu.

Mvua ilikuja baada ya siku kumi na moja, asubuhi, na ngurumo zake. Nilikimbia Kasubi, maana maji ya kwanza hayaingizwi tangini. Mlishike hilo. Paa lililokaa miezi bila mvua lina vumbi, mavi ya ndege na mijusi iliyokauka. Unageuza bomba la gata pembeni, unaacha paa lijioshe mpaka maji yawe meupe. Ni rahisi kuandika. Jaribuni kusimama pale, baada ya kiu ya miezi, mkimwaga maji mbele ya watu!

"Banange, fundi amelogwa!" jirani mmoja alipiga kelele. "Anamwaga maji ya Mungu!"

Majirani wakaja na mabeseni wakakinga yale machafu ya kusafishia sakafu, huku wakinisema. Mimi nikakinga kiganja, nikatazama, nikasubiri. Yalipokuwa meupe nikageuza bomba, na maji yakaanguka ndani ya tangi kwa sauti ambayo bado naisikia. Vigelegele vikapigwa kibarazani. Sista alisimama mvuani na nguo zake nyeupe zote, amefunga macho, anatabasamu.

Tangi lilipofika nusu, niliuona mchanga wa chini unabadilika rangi. Kwanza doa, halafu mstari, halafu kijito chembamba kikashuka kwenye matofali. Sista alifungua macho, akatazama nilipokuwa natazama.

"Fundi. Hii ni nini?"

Ningeweza kusema ni mvua inayotiririka ubavuni. Nilifungua mdomo niseme hivyo.

"Sikulilaza," nikasema. "Chini yake sikupima. Niliona haya kuingia tena."

Hakunifokea, na ningependelea anifokee. Alitazama kile kijito, akatazama milango ya vyumba vyake sita. Kisha akavuta pumzi kama mtu anayeanza zamu.

"Kufunga bomba hapana," akasema. "Mvua inajaza, sisi tunatoa. Leteni jerikani! Zote!"

Na hapo, vijana, niliona Kasubi ninayoipenda. Jerikani zilizokuwa zikigombaniwa kwenye foleni ya chemchemi zikashuka na kupanda kile kichochoro mikononi mwa watu, pamoja na sufuria za sherehe, birika la msikitini, na ile bafu ya plastiki ya yule aliyesema nimelogwa. Mimi nilikaa kwenye koki nikijaza, Halima akipokea na kufunika, Sista akihesabu kwa Kiacholi. Tangi lilivuja kwa chini, likamiminiwa kwa juu, na sisi katikati tukalishinda. Mvua ilipokatika alasiri, ua wa Sista ulikuwa wa manjano ukuta hadi ukuta. Kila nyumba ikaondoka imeacha jerikani yake moja kwa ajili ya kina mama. Nyumba ya uzazi haikufungwa kesho yake, wala keshokutwa.

Tangi lilipokauka, tukalishusha na kulilaza ubavu. Kabla ya kuingia nilimpa Halima uzi mpya. Alinipima tumboni, mbele ya kibaraza kizima, polepole kuliko ilivyohitajika, akafunga kifundo na kuwaonyesha watu. Nikaupanua mdomo kwa kipimo hicho. Sista alikuwa amekaa pembeni na chungu cha odii mapajani, tayari.

Nikaingia. Walipofunika, nikaiona mara moja, nyota moja tu, katikati ya sakafu, pale hasa nilipokuwa nimekaa nikiimba.

"Ngapi?" akauliza Sista kutoka nje.

Nilimsikia Mzee. "Moja," nikasema.

Niliiziba, nikatoka mwenyewe bila kusukumwa, na nadhani kibaraza kilisikitika. Tukalirudisha tangi kwenye msingi wake, juu ya mchanga mkavu. Mvua ya pili ilikuja siku ya Ijumaa, baada ya swala, ikanyesha kwa nguvu zake zote mpaka tangi likafurika na kumwagika juu. Watu walikuwa wanacheza kwenye matope. Mimi nilipiga magoti kando ya msingi, nikaingiza mkono chini ya tangi, nikapapasa mchanga kila upande. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimelaani ukavu wa kila aina, wa koo, wa bomba, wa udongo. Nikachota mchanga, nikamfikia Sista nikammiminia kiganjani.

Aliusugua kwa vidole. Ulikuwa mkavu kama unga. Akaufumba kiganjani mvua isiuguse, akaingia nao ndani kwenda kuwaonyesha kina mama.